Besi Isiyoelekea Kibla

Gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, kila mtu hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, aliamka tajiri, kasoro pesa tu. Mume wangu alikuwa na gari, basi akajiona ameshafika. Wageni wa kampuni walihitaji magari ya kuwatoa kiwanja cha ndege hadi kambini, na msimamizi mmoja alimwambia alilete lake Jumatatu, limpokee mgeni kwa majaribio. Likikubaliwa, mimi ningepumzika kukaanga vitumbua alfajiri. Niliitaka kazi ile kuliko yeye.

Mtu mwingine angetengeneza breki. Mume wangu alileta spika mbili za besi, kila moja kama sinia la pilau, akazifunga kwenye sanduku la mbao na kulipachika ndani ya buti. Alisema wageni wamezoea starehe. Mimi nilidhani wamezoea kufika.

Kwanza alizielekeza nyuma, zitazame mlango wa buti. Nikaketishwa kiti cha nyuma nisikilize, kama niliyesomea.

"Hapa je?"

"Kibao cha namba kinatetemeka."

Akalisogeza sanduku shubiri moja. "Na hapa?"

"Sasa kinaimba kabisa."

Ami yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, akapita na kutazama. Gari lilikaa uani pua kusini, kwa hiyo buti lilitazama kaskazini, kwetu ndiko iliko Makka.

"Mwanangu, ngoma hiyo umeielekeza kibla?"

Mume wangu akanywea. Mwenye akili timamu angegeuza gari. Yeye alifungua skrubu zote, akaligeuza sanduku litazame viti, na kwa kuwa upande huo halikutulia, akalikaza kwa mbao kulia, kushoto na nyuma. Ami akaridhika, akamwombea dua. Buti sasa lilikuwa na dini. Nafasi halikuwa nayo.

"Na mizigo itakaa wapi?" nikauliza.

"Wazungu hawabebi mizigo, bibi wee."

Jumatatu nilifuatana naye hadi kiwanja cha ndege, maana nilishaanza kuogopa. Mgeni akashuka na begi ambamo ungeweza kumfungia mbuzi mzima. Mume wangu akafungua buti kwa madaha. Begi halikupata pa kuingia. Akaona labda muziki utasaidia, akauwasha. Mgeni akaweka kiganja juu ya spika, akacheka.

"Muito bonito," akasema, yaani nzuri sana. Kisha akabeba begi lake hadi kwenye pikapu ya jirani yetu aliyekuja naye kubahatisha, pikapu isiyokuwa na hata redio. Msimamizi akamwambia jirani aje na kesho, na kila siku.

Njiani kurudi mume wangu alikuwa akitabasamu.

"Umemsikia? Kasema bonito!"

Nilimpenda na nilitamani kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. "Nimemsikia," nikamjibu.

Akafurahi, akaongeza sauti. Nikageukia dirisha nikalia mpaka nyumbani, na yeye kando yangu hakusikia kitu.