Ukuta wa Akina Mama

Ukuta ule niliuchukia kabla haujafika kiunoni. Nauza masweta sokoni hapa Sumbawanga, na kibanda changu kinatazama kiwanja ambacho zamani kilikuwa wazi, nyasi tupu na upepo. Binti yangu akitoka shule alikuwa anakaa pale kunisubiri mpaka nifunge. Mimi nampimia mteja sweta, jicho moja kwa mwanangu. Akija mtu kumsumbua nampigia kelele kutoka hukuhuku, na soko zima linageuka kutazama.

Kisha wakaja watu wa mradi kutujengea bustani ya mapumziko. Kwenye mkutano walisema ni bustani ya watu wote, wake kwa waume. Nikafurahi, mjinga mimi! Kumbe mabenchi yote ya mbele, yanayotazama barabara na soko, yamewekewa meza za drafti, na wanaume wameshajigawia. Sisi tumetengewa "sehemu ya akina mama na mabinti" kule nyuma karibu na vyoo, ndani ya ukuta wa matofali utakaonipita kichwa, mlango mmoja tu.

Kwenye mkutano uliofuata nilisimama. "Nani aliwaomba ukuta?"

Mkuu wa mradi, baba mmoja aliyehamia kutoka Mbeya, mpole mpaka anakera, alitabasamu. "Mama, ni kwa heshima yenu. Mkae kwa faragha, mnyonyeshe, msisumbuliwe."

"Na mwanangu nitamwonaje kutoka kibandani?"

"Kwani mwanamke mwenye kwake anakaa bustanini kufanya nini?" akadakia mzee mmoja wa drafti. Wanaume wakacheka. Mkuu naye akacheka, na kicheko kile sijamsamehe mpaka leo.

Ukuta ukaisha. Mlinzi akaambiwa mabinti wasikae mbele, sehemu yao ipo. Binti yangu aliingia humo siku moja, akatoka mbio. Alimkuta mwanaume amekaa peke yake, anamtazama tu, hasemi kitu. "Mama, kule sirudi," aliniambia, na tangu hapo akawa anajibanza nyuma ya kibanda changu katikati ya magunia. Mtoto wangu afichwe kama mwizi, halafu niambiwe nimeheshimiwa?

Kikao cha mwisho kiliitishwa palepale bustanini, jioni, kabla ya kukabidhi bustani. Nilitangulia, nikaingia ndani ya ukuta, nikaacha kitenge changu kwenye benchi la mwisho. Nilitaka kuwauliza ni nani kati yao atamtuma mkewe akakichukue. Giza likaanza kuingia, na baridi ya huku mnaijua. Mara binti wa mkuu, rika moja na wangu, akaja na koti la baba yake. Akatuamkia wote, shikamooni. Mtoto ana adabu, sina neno naye.

Nikapaza sauti. "Mwanangu, nimesahau kitenge changu kule ndani. Hebu kimbia ukanichukulie."

Nilikuwa nimeshajiandaa kumrudisha. Haikuhitajika. Baba yake aliinuka mpaka kiti kikaanguka.

"Acha! Wewe kaa hapa. Nitakwenda mwenyewe."

Akaenda. Wote tulimwona akiwasha tochi ya simu na kuchungulia kwanza mlangoni. Akarudi, akanikabidhi kitenge.

"Kuna mtu humo?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Sasa mbona hukumwacha mtoto aende?"

Akainama kuinua kiti chake. Nilimgeukia yule mzee wa drafti nikamsubiri adakie. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Ukuta waliuvunja, wakabakiza matofali machache ya chini ambayo sasa tunayakalia. Mabenchi ya mbele nayo tunayakalia, wapende wasipende. Mkuu akipita hunisalimia kwa upole wake uleule, nami naendelea kukunja masweta yangu, simwitikii. Ila binti yake kila jioni anakaa pale na wangu akimsubiri baba yake atoke kazini, nami nawaangalia wote wawili.