Ubao Nyuma ya Pikipiki

Mpaka mwisho wa maisha yake, Shangazi hakuweza kumwona mtu anatoka mlangoni bila kutazama saa. Jikoni kwake kulikuwa na kikombe kilichokatika mkono, kimejaa vipande vya chaki, na upande wa ndani wa mlango alikuwa ameupaka rangi nyeusi kwa kazi hiyo. Ukitoka kwenda kununua sabuni, anaandika. Ukirudi, anakusomea hukumu: dakika kumi na tisa, na njiani ulisimama kupiga soga, usibishe. Kuna fundi bomba aliyesema anakwenda kuchukua spana mara moja, akarudi kesho yake. Alikuta ameandikiwa saa ishirini na mbili na dakika sita, akacheka mpaka akasahau uongo aliokuwa ameuandaa.

Watoto wawili wa kaka yake walikulia chini ya saa hiyo. Mama yao alipofariki, baba yao, dereva wa malori ya masafa marefu, aliwaleta kwa dada yake pamoja na magodoro yao, na hapo ndipo pakawa kwao. Mkubwa alikuwa msichana asiyejua kutulia kitako, na Shangazi akamwita Kiherehere, jina likamganda. Mdogo alikuwa mwembamba, miguu mirefu kama ya panzi. Huyo akawa Kijiti. Shangazi alizoea kumtuma Kijiti mkate kwa baiskeli, duka likiwa juu ya kilima na yeye kashika saa mkononi. Mtoto alikuwa akirudi anahema, anauliza kwanza muda wake, ndipo anakabidhi mkate.

Kazi ya Shangazi ilikuwa kufundisha hesabu shule ya msingi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa pale watu wa kamati ya mashindano ya baiskeli walipokuja shuleni kutafuta mtu ambaye tarakimu zake zinasomeka kutoka mbali, na mwalimu mkuu hakuumiza kichwa, alimwita yeye. Basi kila mwaka, kwa siku nane za mashindano, Shangazi alikaa nyuma ya pikipiki, ubao mweusi mapajani, kitambaa kibichi mfukoni. Alichokuwa akipima ni pengo. Waliochomoka mbele wakipita jiwe la kilomita, alibonyeza saa. Dereva wa pikipiki akasimama kando, wakasubiri. Kundi la nyuma likipita jiwe lile lile, alibonyeza tena, kisha pikipiki ikawakimbilia walio mbele, akawanyanyulia ubao: namba, dakika, sekunde. Waendesha baiskeli walimbatiza Bi Pengo. Meno yake yote yalikuwapo, na wageni waliosikia jina hilo walikuwa wakimchungulia mdomo kwa kuibia.

Siku hizo mbio zile hazikuruhusu redio masikioni, na anayepanda mlima haoni mbali. Anaona lami iliyo mbele ya tairi na jasho lake linavyodondoka juu ya usukani. Ubao ndio uliomwambia kama atoe nguvu zote au abakishe. Ndiyo maana kulikuwa na sheria: ubao ni wa namba na muda, basi. Hakuna habari, hakuna ushauri. Shangazi alikuwa mkali juu ya hilo kuliko kamati yenyewe. Kijiti alipoingia kwenye mbio hizo akiwa na miaka ishirini na moja, alimwonyesha ubao kwa uso ule ule mkavu aliowaonyesha wengine. Nyumbani Kijiti alimtania kwamba amemtazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Kiherehere naye aliingia humo humo. Alisomea ukandaji, akaajiriwa na timu ya mdogo wake: jioni anakanda misuli ya miguu, mchana anasimama kando ya barabara na ndoo ya barafu, anagawa chupa za maji. Kazi ilimfaa mtu asiyeweza kukaa.

Mwaka wenyewe, Kijiti alikuwa na miaka ishirini na sita, na ilipofika siku ya saba, siku ya milima mitatu, alikuwa wa pili, sekunde thelathini na nane nyuma ya mwenye jezi nyekundu, ile ya anayeongoza kwa jumla ya muda. Mwenye jezi alikuwa mtu wa mabega mapana ambaye wote walimwita Kapteni. Na mwaka huo meneja wa timu kubwa ya nje alikuwa amekuja kutafuta mpanda milima mmoja tu. Kila mtu alijua atamchukua mshindi. Kijiti alikwishaanza kuuliza bei ya koti la baridi.

Mpango waliupika kwenye chumba cha kukandia, Kijiti kalala kifudifudi, dada yake anamkanda mashavu ya miguu, kocha kaegemea mlango. Kapteni, kocha alieleza, anaweza kupanda kutwa nzima kwa mwendo mmoja kama mashine ya kusaga. Asichoweza ni kubadilisha mwendo ghafla. Kwa hiyo wasimshambulie chini ya mlima, ambako kila mtu anategemea. Wamngoje kwenye mlima wa mwisho, baada ya kona ya nne, mahali barabara inapoinuka kama ngazi na watu wanaanza kupapasa chupa zao za maji. Hapo Kijiti achomoke, na akishachomoka asigeuze shingo hata kidogo, maana ukigeuka umemwambia mwenzako kuwa unamwogopa.

Kiherehere alijipanga kilomita tatu kabla ya kilele, ambako mbio za siku hiyo ziliishia. Kwa saa nzima alihesabu chupa ambazo hazikuwa zimeongezeka wala kupungua. Hatimaye honi zikasikika kutoka chini, watu wakaanza kusogea pembezoni, na pale konani akatokea Kijiti peke yake, mdomo wazi, mabega yametulia, miguu inazunguka kama haihusiki na mlima. Kiherehere alijua miguu ile kwa vidole vyake. Alijua pia kuwa mambo yameisha, wameshinda.

Pikipiki ya Shangazi ilikuwa mbele ya Kijiti kwa mita ishirini hivi. Ilimpita Kiherehere, na kwa kuwa ubao ulielekezwa nyuma, yeye na mdogo wake waliusoma kwa wakati mmoja. Juu kulikuwa na dakika moja na sekunde ishirini. Chini yake, kwa herufi zile zile kubwa za darasani: NAMBA 1 PANCHA.

Namba moja ni mwenye jezi. Na kati ya waendesha baiskeli kuna neno ambalo halijaandikwa popote na kila mmoja analijua: mwenye jezi akiharibikiwa, hashambuliwi. Shangazi alikuwa amesimama kwenye jiwe la kilomita akisubiri kupima, akamwona Kapteni kando ya barabara, gurudumu lake amelinyanyua juu kwa mkono, na gari la timu yake limekwama chini nyuma ya mtu aliyeanguka. Kijiti, aliyeambiwa asigeuze shingo, hakuwa na habari.

Sasa aligeuka. Alitazama barabara tupu nyuma yake, akakaa kwenye kiti, na miguu ikapunguza mwendo taratibu, kama feni iliyozimwa. Kiherehere alikimbia sambamba naye na chupa mkononi, akimwambia aende, kwamba alichomoka kabla ya pancha, hakuna atakayemlaumu. Kwa kweli hakujua kipi kilitangulia. Kijiti alipokea chupa, akajimwagia maji kichwani.

"Acha, dada," alisema, na akaendelea kupanda kama anayepeleka barua.

Kapteni alimfikia karibu na kilele, akiwa na gurudumu jipya na mwenzake wa timu aliyetangulia kumkingia upepo. Alimgusa Kijiti mgongoni kushukuru. Mita mia mbili za mwisho akaongeza mwendo, na Kijiti, ambaye mdundo wake ulikwishavunjika, hakuweza kumjibu. Kesho yake njia ilikuwa tambarare, hapakuwa na la kubadilisha. Kapteni alishinda mashindano kwa sekunde arobaini na tano. Jukwaani alimvuta Kijiti juu na kumnyanyua mkono, watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Meneja wa timu ya nje alipiga makofi pia, kisha akaondoka na Kapteni.

Kamati ilimweka Shangazi kitimoto. Mwenyekiti alimuuliza kama anaijua sheria ya ubao. Alijibu kwamba anaijua, na kwamba wawili kati ya waliokaa pale aliwafundisha yeye mwenyewe kusoma saa. Akavua koti la kazi, akalikunja, akaliacha mezani, na miaka yake kumi na moja ya pikipiki ikaishia hapo. Kocha alimfuata mpaka nje akamwambia kwamba amemvua mtoto wake jezi kwa mikono yake mwenyewe.

Kijiti aliendesha miaka mitatu mingine, akafungua banda la kutengeneza baiskeli. Jumapili alikuwa kwa Shangazi anakaza bawaba, anakula, anasinzia kwenye kochi na mdomo wazi. Aliyeulizia siku ile alijibiwa kwamba miguu ililegea yenyewe, yeye alikuwa abiria tu.

Aliyeshindwa kulimeza ni dada mtu. Hakuacha kuja. Kila wiki alikuja na mfuko wa matunda, lakini hakukaa. Aliosha vyombo mkoba ukiwa begani, akafungua madirisha, akakunja nguo zilizokwishakunjwa.

"Kaa basi," Shangazi alikuwa akimwambia. "Hata huo mkoba umechoka."

Alijibu kwamba anasubiriwa. Hakuna aliyekuwa akimsubiri. Kwake pia alizunguka vyumbani, anahamisha stuli, anairudisha, na kazini alikanda miguu ya watu huku kichwani akibishana na mtu asiyekuwapo. Kilichomchoma si jezi peke yake. Ni kwamba mwanamke aliyewalea, kwenye saa moja ambayo ingembadilishia Kijiti maisha, alimfanya mtu baki. Alimtendea kama alivyomtendea kila mwenye namba mgongoni. Hilo Kiherehere hakulisema. Alilizunguka kwa miaka kumi na minne.

Kifua cha Shangazi kilipoanza kumsumbua, na akawa hatoki tena kitandani, yule dereva wa pikipiki alikuja kumjulia hali. Alikuwa mzee sasa, anatembea kwa kuchechemea. Kiherehere alimsindikiza mpaka getini, na mzee, kwa mazungumzo tu ya kuagana, alisema kwamba Bi Pengo ni mtu wa ajabu, kwamba siku ile ya mlima hata yeye alishangaa, maana zile mara mbili za nyuma hakuandika.

Kiherehere alimuuliza mara mbili zipi.

Mzee alimweleza bila haraka. Mara ya kwanza mwenye jezi alipata pancha kwenye mlima wa pili, na aliye mbele hakuwa na habari. Mara nyingine ilikuwa mnyororo kukatika. Mara zote mbili yeye dereva alimgeukia na kumwambia, Mwalimu, mjulishe huyu wa mbele. Mara zote mbili Bi Pengo aliandika muda na kufunga mdomo. Alisema hiyo si kazi yake. Yule aliyekuwa mbele siku ya mnyororo alishinda mashindano. Baadaye watu walimzomea kila mji alikopita, mpaka akaacha baiskeli.

Kiherehere alirudi ndani kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana. Kwa hiyo Shangazi alijua kunyamaza. Watu wasiomhusu aliwanyamazia wakapita na ushindi wao, na siku pekee ambayo ukimya wake ungemfaa mtoto wake, ndipo alipopata la kuandika. Aliingia chumbani bila hodi, akasimama miguuni pake, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Ilikuwa alasiri, jua limeingia mpaka kwenye shuka.

Alimwambia aliyoyasikia getini. Shangazi hakukana. Aliomba maji, Kiherehere akamshikia kikombe, akanywa kidogo, akafunga macho.

"Wale wawili uliwaacha," Kiherehere alisema. "Kijiti wetu ukamfanya mtu baki."

Shangazi alikuwa anatafuta pumzi, macho bado kayafumba. Nje kulikuwa na mtu anafagia. Kiherehere alidhani amelala, akaanza kukusanya vyombo vya dawa mezani, aviweke sawa. Siku ya tatu yake Shangazi alifariki, saa ambayo Kiherehere alikuwa kazini, kwa hiyo hakuna maneno mengine aliyopata kutoka kwake zaidi ya yale aliyoyasikia akiwa amempa mgongo, chupa ya dawa mkononi.

"Mtu baki ningemwacha ashinde hivyo hivyo," Shangazi alisema. "Kijiti alikuwa anarudi kwangu."