Mtu Aliyesema Tafadhali

Katika Busia ya miaka ile, hakuna simu iliyokwenda popote bila kupitia mikononi mwa Roselida. Aliketi chumba cha nyuma cha posta, mbele ya ubao wa matundu na plagi, vipokea sauti masikioni, akiunganisha wafanyabiashara na mawakala, wachumba na wachumba wao. Sheria ilimkataza opareta kusikiliza maongezi ya watu. Roselida aliiheshimu sheria hiyo kwa kunyamaza kabisa alipokuwa akisikiliza. Mji mzima ulijua, na wenye haraka walimwuliza yeye moja kwa moja kama mahindi yamepanda bei sokoni Chakol, wakaepuka gharama ya kupiga.

Mwaka huo sabuni ilikuwa adimu ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, na ghala la Malaba, mali ya kampuni moja ya jumla, lilijaa miche ya sabuni hadi darini. Meneja wa kampuni, Bwana Methuselah, alikuwa mtu wa safari nyingi. Alikuwa amepatana na posta kwamba akipiga kutoka mbali na kutaja neno lake la siri, aunganishwe na tawi lolote bila maswali. Neno lilikuwa "nanasi". Kwa kuwa laini ya Kisumu, alikolala mara nyingi, ilikuwa mbovu, alilitaja kwa kelele kwenye simu ya kaunta ya hoteli, akalirudia na kulirudia, hata wahudumu na walevi wa huko wakalijua vizuri.

Baada ya nanasi, mambo yalikwenda kwa mpango usiobadilika.

"Wewe, amka. Nipe Kocholia."

Kocholia kulikuwa na duka lenye simu, na mama fulani aliitwa aje kuulizwa hali ya goti lake, kwa sauti laini ambayo Roselida mwenyewe hakuwahi kuelekezewa. Ndipo ikafuata, "Wewe, Malaba," na Barnabas, mtunza ghala, akapata matusi yake kwanza na maagizo baadaye.

Jumanne moja Kisumu ikaita. Sauti ilikuwa nzito, imezama katika mvumo wa laini kama kawaida.

"Nanasi. Habari ya asubuhi, dada?"

Roselida akanyoosha mgongo. "Nzuri, bosi."

"Tafadhali nipe Malaba. Asante sana."

Kocholia hakuitaka. Roselida akaunganisha, akabaki kwenye laini.

"Barnabas, ndugu yangu, pole na kazi. Lori linakuja saa nane. Pakia sabuni yote, na usisumbue dereva na mambo ya stakabadhi."

Roselida akachomoa plagi ya Kisumu, akaingia kwenye laini mwenyewe.

"Barnabas, usimfungulie mtu."

"Dada, si bosi mwenyewe amesema?"

"Amekuita nani?"

"Ameniita ndugu."

"Sasa?"

"Ngoja nirudishe kufuli."

Lori lilikuja, likakuta kufuli, na dereva akageuza bila kubishana, jambo ambalo dereva mwenye mzigo halali hajawahi kulifanya Malaba.

Bwana Methuselah aliporudi na kusimuliwa yote na Barnabas, hakuuliza habari za sabuni. Aliwaza simu za Kocholia, ambazo bila shaka Roselida alizisikia pia. Akamchukua Barnabas awe shahidi, wakaenda posta, akadai Roselida afukuzwe. Bwana Oriokot, mkuu wa posta, hakuwa na hiari: opareta aliyepatikana akisikiliza alikwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Na mshahara wa Roselida ndio uliosomesha wadogo zake kule Marachi.

"Ulisikiliza?" Oriokot akamwuliza.

"Nilisikia, mzee. Neno lilikuwa sawa. Lakini aliyelitaja alisema tafadhali."

"Kwani mimi sisemi tafadhali?" Bwana Methuselah akadakia. "Mimi ni mtu wa adabu. Huyu namsalimia kila siku."

"Na Barnabas unamwita ndugu?"

"Ndugu kabisa."

Oriokot akaweka kalamu chini. "Basi aliyepiga Jumanne ni wewe. Neno ni lako, adabu ni yako. Itabidi niwaarifu wakurugenzi wako kwamba umeagiza sabuni yote ipakiwe bila stakabadhi."

Nje dirishani, waliopanga foleni ya stempu wakasogeza masikio.

"Simsalimii," Bwana Methuselah akasema.

"Sema tena, bosi," Roselida akamwambia. "Laini ni mbovu."

"Sijawahi kumsalimia tangu aandikwe kazi. Asante pia sijampa. Na Barnabas namwita ng'ombe."

Oriokot akamgeukia Barnabas, aliyesimama mlangoni.

"Siku nzuri ndiyo ng'ombe, mzee," Barnabas akasema. "Siku mbaya huwa punda."

"Basi dada hakusikiliza," Oriokot akaamua. "Alikagua hitilafu kwenye laini, na hiyo ni kazi ya kila opareta. Rudi kwenye ubao."

Bwana Methuselah akachukua kofia yake, akawapita wote, akatoka bila kuaga.

"Huyo ni yeye," Roselida akasema, akavaa vipokea sauti.