Rangi ya Njano Juu ya Ufa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, hapa hapa Kolwezi, nikiwa na miaka ishirini na saba na kiburi cha kuwatosha watu watatu, nilinunua injini ya kusagia mahindi kwa sababu ilikuwa ya njano. Cheka tu, mwanangu, lakini ukimaliza kucheka uketi, maana habari ya pikipiki yako imenifikia. Nimeambiwa aliyekuuzia alidai ni yake, kumbe namba ya kwenye chuma chake ilikwanguliwa ikapigwa nyingine. Nimeambiwa pia unataka kuipeleka Fungurume umuuzie mtu mwingine kabla mambo hayajajulikana. Hilo la pili ndilo lililonifanya nikuite.

Enzi zile, mashine ya njano yenye namba nyeupe ubavuni ilimaanisha jambo moja tu, kwamba imetoka kampani ya migodi. Na sisi ambao babu zetu waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, kampani ilitulea. Ilitupa nyumba, shule, hospitali na hata unga wa bukari, ugali wetu. Kitu kikisemwa kimetoka kampani, hatukuuliza swali la pili. Baba yangu mwenyewe alikuwa fundi wa injini huko mpaka alipostaafu, na watu walikuja kutoka mbali kumsikilizisha tu mlio wa gari.

Muuzaji aliitwa Ngoie. Tulikuwa tunaimba naye kwaya moja kanisani, yeye sauti ya chini, mimi ya juu. Alinipeleka uani kwake, akaondoa turubai kama mtu anayefunua chungu cha wageni.

"Hii inatoka kampani, tata. Angalia numero," akaniambia. "Na weye njo mutoto wa kampani. Mi nitakufundisha nini?"

Maneno hayo ya mwisho yalinimaliza. Akaiwasha, ikanguruma vizuri kwa muda mfupi, akaizima haraka akisema mazuti, yaani dizeli, ni ghali. Tukaandikiana karatasi ya mistari miwili: Ngoie ameuza injini moja, Tshibangu amenunua injini moja. Ilitoka wapi, ina hali gani, hatukuandika. Na baba sikumwita aje kuiangalia. Nilitaka kumshangaza, nimwonyeshe kwamba na mimi najua mambo.

Siku ya tatu ya kusaga, ikachemka ikazima. Nikafungua kifuniko cha oili nikakuta oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Hata mtoto wa fundi anajua maana yake, maji yameingia. Nikakwangua rangi kidogo kwa kisu, nikaona ufa mrefu mwilini mwa injini, umezibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa njano juu. Ile namba nayo ilikuwa ya uongo, imeandikwa juu ya rangi hiyo hiyo. Nilikaa chini pale pale vumbini.

Jirani yetu, Tata Kabeya, alikuwa amefanya kazi ya ukarani mahakamani miaka mingi. Nilimwendea nikamweleza yote kwa aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: nimeigusa wapi. Nikamwambia nimekwangua kidogo tu kwa kisu.

"Basi usiguse tena, usifungue hata buloni moja," alisema. "Ile mashini njo shahidi yako. Vile iko, iache vile."

Kisha akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Nimwite fundi asiye ndugu yangu, aitazame na kuandika alichokiona, na kuweka sahihi. Nimwandikie Ngoie barua ya kumtaka airudishe injini yake na mimi nirudishiwe changu, na akiipokea atie sahihi mbele ya watu wawili. Akikubali, tuandikiane mapatano ya amani na mambo yaishe. Akikataa, mahakama inaweza kuvunja mauzo yaliyopatikana kwa hila, na kumlipisha hasara niliyoipata. Na kwa kuwa alipaka rangi na kuandika namba kwa makusudi ili anidanganye, naweza pia kumshtaki parke, kwa mwendesha mashtaka, maana hilo si kosa la biashara peke yake, ni kosa la jinai.

"Lakini juji atakuuliza kitu kimoja," akamalizia. "Siku ulijua, ulifanya nini?"

Mwanangu, nilifanya nini? Nilirudi nyumbani nikakaa siku nne nikiwaza kicheko cha watu. Niliwaza kanisa zima likinong'ona kwamba mtoto wa fundi mkuu amedanganywa kwa kopo la rangi. Zaidi ya yote, niliuogopa uso wa baba. Siku ya tano nilinunua gundi ya chuma na rangi ya njano. Nikaziba ufa upya, vizuri kuliko Ngoie, nikapaka injini nzima, na namba ile ya uongo nikaipitia kwa brashi ndogo ili isomeke. Ningependa kukuambia nilisita, lakini sikusita.

Aliyeinunua alikuwa Mama Kayombo, mjane kutoka mji wa Kasaji. Alikuja kwa treni, ametumwa na wanawake wenzake waliochanga pamoja, maana walikuwa wanabeba mahindi kwa baiskeli kwenda mbali kusaga. Alizunguka ile injini mara mbili. Akaniuliza kama ni nzima kweli.

"Mama, inatoka kampani," nikamjibu.

Nilitumia maneno ya Ngoie yale yale. Mpaka leo yananichoma mdomoni. Akanishukuru kwa mikono miwili, akaisafirisha.

Haikupita muda akarudi, na injini hakuja nayo. Alikuja na chupa moja tu. Mimi sikuwepo, akamkuta baba uani, akamwomba, kwa kuwa alisikia ni fundi, amwambie ndani ya chupa mna nini. Baba akamimina tone kiganjani, akalisugua kwa kidole. Alijua hapo hapo. Nilipoingia nikawakuta wamekaa, chupa ya oili nyeupe iko kati yao juu ya kigoda.

Mama Kayombo hakupaza sauti. "Ulikuwa unajua, tata?" akaniuliza.

Nikatazama chini. Baba akasema, "Mama, injini iko wapi?"

"Iko kwetu Kasaji. Hatuigusake. Banamuke banailinda."

Yule mama, ambaye hakuwahi kukaa na karani wa mahakama, alifanya kwa akili yake mwenyewe yale yote aliyoniambia Tata Kabeya, mimi nikayapuuza. Aliiacha injini ilivyo, wanawake wenzake wakiilinda. Aliniandikia barua, nikaitia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Nami, kwa kuwa fedha za watu nilikuwa nimeshazitumia, nikaanza kumzungusha kwa kesho na keshokutwa, mpaka akapeleka kesi mahakamani. Na fundi aliyeitazama injini na kuandika alichokiona alikuwa baba yangu. Wakili wangu alipiga kelele kwamba fundi huyo ni mzazi wa mdaiwa. Juji akamjibu kwamba mzazi anayeandika dhidi ya mwanawe hana sababu ya kusema uongo. Baba alikuwa amepanda treni mpaka Kasaji, na miguu yake ile mibovu, akakwangua rangi, akaandika: tabaka mbili za njano, tabaka mbili za gundi, na hakuna hata moja ya kampani.

Mauzo yakavunjwa. Nikaamriwa nirudishe kila kitu na kuwalipa wanawake wale hasara yao. Nikauza kiwanja changu. Mama Kayombo angeweza kunipeleka parke nifungwe, akasema hapana, kwa heshima ya yule mzee.

Nikageuka nimshtaki Ngoie. Alikuja mahakamani amevaa suti, akasema kwa utulivu kwamba yeye aliniuzia injini kuukuu isiyo na rangi wala namba, na karatasi yetu inasema injini moja tu. Njano hii, akasema, ni ya Tshibangu, na hukumu ya mahakama imeshasema hivyo. Shahidi wangu nilikuwa nimempaka rangi kwa mkono wangu. Ngoie akashinda, akatoka, na Jumapili akaimba.

Baba hakunitukana. Jioni moja tu, tukiwa tunakula, alisema, "Mi nilitengeneza mashini miaka yote. Hakuna mutu alinirudishia hata moja." Akaendelea kula. Alifariki miaka miwili baadaye, na mimi sikuwa nimewahi kumwomba msamaha kwa maneno. Nilikuwa nikingoja wakati mzuri. Ndilo jambo ninalolijutia kuliko kiwanja, kuliko kesi, kuliko yote.

Sasa, mwanangu, nakuambia wazi. Kudanganywa si kosa lako, na aibu yake ni ya aliyekudanganya. Hiyo pikipiki usiioshe, usiipake kitu, usigeuze hata kioo. Tunza karatasi yako na ujumbe wake ulio kwenye simu, usifute hata mmoja. Mwite fundi, mwandikie muuzaji barua apokee kwa sahihi. Akitaka amani, mwandikiane amani hiyo. Akikataa, tafuta wakili twende naye mahakamani na parke, na twende mapema, maana mashtaka nayo yana muda wake, ukipita mlango unafungwa. Pengine hutapata kila kitu. Lakini juji akikuuliza siku uliyojua ulifanya nini, utakuwa na jibu, na mimi nitakuwa nimekaa benchi la nyuma.

Na huyo wa Fungurume unayetaka kumuuzia, mpigie simu sasa hivi, nikiwa nasikia, umwambie pikipiki haiuzwi.

Mungu wa baba zetu akulindie jina lako. Akupe mikono iliyo safi na watu wasiokukwepa sokoni. Akujalie, ukifika umri wangu, uwe na baba wa kumkumbuka bila kutazama chini. Haya, toa simu.