Fundi Aliyeandikiwa Nyumba Isiyo Yake

Saa moja asubuhi, na fundi rangi anaipaka nyumba ya tisa kutokea nje tu. Anachovya brashi kwenye ndoo ya chokaa, anaikung'uta mara mbili ukingoni, anaipandisha ukutani kwa mkono ulionyooka. Kiu ikimshika, hagongi mlango. Anakohoa kidogo, dirisha linafunguliwa, na kikombe cha maji kinapitishwa katikati ya nondo.

"Ingia unywe umekaa, kaka," anasema mwanamke aliye ndani.

"Hapa hapa pananitosha, dada. Mlango wako ulishaniponza mara moja."

Wanacheka wote wawili. Lakini haingii.

Fundi ana miaka sitini na mitatu. Arobaini na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye kijia hiki chembamba chenye nyumba thelathini na moja, kinachoanzia kisimani na kuishia kwenye ua wa shule. Watu wanamwita Kiganja, na jina hilo alilipata kazini. Mjomba wake, aliyemfundisha kushika brashi, alimpa sharti moja: usipake ukuta wote. Nyuma ya mlango, chini ya bawaba ya juu, acha sehemu ya rangi uliyoikuta, upana wa kiganja, ili fundi atakayekuja baada yako ajue anapaka juu ya nini. Chokaa juu ya rangi ya mafuta haishiki. Hubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Kwa hiyo nyuma ya kila mlango wa kijia hiki kuna viganja vilivyopangana, kimoja chini ya kingine, kila rangi na zamani zake. Wageni huona uchafu. Kiganja huona watu.

Nyumba ya kwanza, anasema, ile bluu ya chini kabisa ni ya fundi saa, aliyekuwa na saa ishirini ukutani na bado akichelewa kila mahali. Baada yake alikuja mwalimu aliyetaka kijivu, kwa sababu kijivu hakionyeshi vumbi la chaki. Nyumba ya nne ina viganja vitano vya kijani, na vyote ni kijani kile kile. Hapo alikaa mke wa dereva wa lori. Mumewe aliaga kwa safari ya siku tatu. Kila rangi ilipochakaa mama yule alimwita Kiganja arudie ile ile, maana mwenzake akirudi usiku asije akapita nyumba. Alirudia kijani kwa miaka kumi na tisa. Aliyepanga sasa amepaka manjano, na hajui ni kwa nini fundi alikataa katakata kuvigusa vile viganja vitano.

Na nyumba ya tisa ni nyeupe tangu chini hadi juu. Ilikuwa ya mkunga. Mkunga hakutaka rangi nyingine, kwa sababu alitaka uchafu ukiwepo auone kabla mtoto hajafika. Kuna kiganja kimoja tu cha waridi katikati, mwaka aliomwoza binti yake, kisha nyeupe tena. Mwanamke wa dirishani ndiye huyo binti. Ana miaka hamsini na nne, anashona sare za shule kwa cherehani ya mguu, katika chumba kile kile alichozaliwa.

Kwa karatasi, hata hivyo, nyumba hiyo si yake. Ni ya Kiganja.

Kosa lilifanyika miaka kumi na moja iliyopita, na ni vizuri likasimuliwa taratibu, kwa sababu waliolifanya wameshalisahau. Kusahau ni raha ya anayeandika. Anayeandikwa haipati.

Walikuja watu wawili wa ofisi ya ardhi na daftari la wenye nyumba, siku ya soko, watu wengi wakiwa hawapo. Walitakiwa kuzimaliza nyumba zote thelathini na moja kabla ya saa sita mchana. Hawakuuliza nani mwenye nyumba. Waligonga, mlango ukafunguliwa, wakaandika jina la aliyefungua. Nyumba ya sita ikaandikwa kwa muuza maziwa, aliyekuwa ameingia kumimina lita moja tu. Nyumba ya kumi na mbili ikawa ya shemeji aliyekuja kusalimia wiki mbili. Muuza maziwa yule hadi leo hajui kwamba ana nyumba.

Siku hiyo mkunga alikuwa ameitwa kuzalisha kijiji cha pili, na binti yake alikuwa bado anaishi kwa mumewe. Ndani ya nyumba ya tisa alikuwamo fundi peke yake, juu ya ngazi, nywele nyeupe kwa chokaa.

"Waligonga, nikashuka kufungua," anakumbuka. "Wakaniuliza jina. Mimi nikadhani wamependa ukuta, wanataka jina la fundi. Nikawatajia la kwangu, la baba na la babu. Nikawasimamia hadi wakaliandika vizuri."

Anaposimulia hapo hutazama chini. Ndilo jina pekee lisilo na kosa katika ukurasa mzima.

Mkunga aliporudi na kuambiwa, alicheka hadi akaketi kizingitini. Aliishi miaka tisa zaidi akimwita "mwenye nyumba wangu", na kila chokaa ilipochakaa alimtania kwamba apake kwa pesa yake mwenyewe, kwani nyumba si yake? Hakwenda ofisini kulalamika. Kwa akili yake, mtu ambaye nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake hahitaji karatasi ya kuthibitisha mahali anapolala.

Alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yake, aliyekuwa amerudi kumuuguza, akataka kubadilisha bati lililotoboka juu ya cherehani. Ofisi ikamwambia yeye ni mpangaji, alete barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye nyumba. Alimfuata Kiganja akiwa na karatasi na kalamu, akiwa amejikaza asilie. Kiganja akaandika barua ile. Anasema hajawahi kuona aibu kama ile, na hakuwa ameiba kitu.

Sasa zimetangazwa hati miliki. Majina yaliyomo kwenye daftari mwisho wa mwezi huu ndiyo yatakayopigwa chapa. Kiganja ameshakwenda ofisini mara sita, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kujiondoa.

Ofisi ile ina makabati saba ya chuma, na yote yana kufuli. Karani wake ni kijana mpole, na upole huo ndio unaochosha zaidi, kwa sababu huwezi hata kugombana naye. Mara ya tatu alimweleza fundi kwamba ipo fomu ya kudai nyumba, ipo ya kuuza, ipo ya kurithi.

"Ya kukataa nyumba haipo, mzee," alimwambia. "Hakuna aliyewahi kuiomba."

Akampa njia ya mkato. Aweke sahihi kwamba nyumba ni yake, kisha aijaze fomu ya zawadi, ampe binti wa mkunga. Dakika kumi, kazi imekwisha. Kiganja aliirudisha fomu mezani.

"Siwezi kumzawadia mtu nyumba ya mama yake," alisema. "Nikiweka sahihi hapo, nimeshasema mkunga alikuwa mpangaji wangu. Na mkunga hayupo wa kunijibu."

Binti wa mkunga alipopelekewa habari hiyo alisimamisha cherehani. Alisema angeweza kupokea mengi kutoka kwa kaka yake huyo, hata nguo za mitumba, lakini si chumba alichozaliwa.

Nyumbani kwa fundi mambo hayakuwa mepesi hivyo. Yeye na mkewe wamepanga chumba cha nyuma cha nyumba ya kumi na saba, kwa fundi viatu, huu mwaka wa ishirini na sita. Paa likivuja wanahamisha kitanda. Fundi viatu naye hana dogo: kila asubuhi humsalimia mpangaji wake "shikamoo tajiri", kisha humuuliza kwa nini tajiri amejibanza kwa watu.

Mkewe hakutania. Aliwahi kununa siku nne.

"Nilimwambia, watu wanahonga kupata unachokikimbia wewe," anasema, akichambua mboga mapajani. "Nilisema kwa hasira. Halafu nikakumbuka wanangu watatu wote walishikwa kwanza na mkono wa yule mama. Siku ya tano nikamfungia chakula cha safari."

Kinachomharakisha Kiganja ni kifua. Chokaa ya miaka arobaini na miwili imemkaa huko, na kikohozi chake si cha kuombea maji tu. "Wanangu ni watoto wazuri," anasema. "Lakini nikifa nimeandikwa, wataambiwa nyumba ni ya baba yao. Sitaki wajaribiwe kwa kitu nilichoweza kukiondoa."

Safari ya sita hakubishana. Alimwomba karani jambo moja: aje aone. Na karani, kwa kuwa ilikuwa jioni na njia yake ya kurudi kwake inapita hapo, alikuja. Binti wa mkunga alimwongoza nyuma ya mlango. Fundi alibaki nje, akisoma ukuta kwa sauti kupitia dirishani, bila kuuona: nyeupe, nyeupe, nyeupe, waridi, nyeupe. Kwa kila kimoja alisema ni mwaka gani, na nani alizaliwa mwaka huo. Karani alikuwa akifuata kwa kidole. Alipofika kwenye waridi akauliza taratibu nani aliolewa. Mwanamke aliyesimama kando yake akasema, "Mimi."

Karani hakuahidi kitu. Lakini wiki iliyofuata lilibandikwa tangazo: daftari la kijia litahakikiwa upya Alhamisi ijayo, mlango kwa mlango, kutwa nzima.

Ndiyo maana ya chokaa ya asubuhi hii. Kiganja ameshapita nyumba zote thelathini na moja kuwasihi watu: Alhamisi asiende mtu soko, mgeni asiguse komeo, muuza maziwa apitie uani. Binti wa mkunga ametia mafuta bawaba, na kila siku huufungua mlango wake na kuufunga, kama anayejifunza.

Na Kiganja mwenyewe atakuwa wapi?

"Barabarani," anajibu, akiikung'uta brashi. "Nitaigeuza ndoo, nikalie hapo katikati, mbali na milango yote. Wakiniuliza yangu ni ipi, nitawaambia zote nimezipaka, hata moja si yangu. Safari hiyo nataka waandike kwa mwandiko mzuri vile vile."

Ukuta wa ndani ameuacha. Ataingia kuupaka Ijumaa, mwenye nyumba akimkaribisha, na nyuma ya mlango ataacha kiganja.