Mlango wa Tapsubei

Pua ya Chepkurui hufika kanisani kabla yake. Ndivyo walivyomtania wachuma chai wenzake wa Chepilat, naye alicheka nao huku moyo ukimuuma. Ilikuwa pua ya marehemu nyanya yake Tapsubei, mama wa babake, yenye kinundu katikati. Chepkurui alipozaliwa, akina mama walimgusisha ugoro puani wakitaja majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Lilipotajwa jina la Tapsubei, kichanga kikapiga chafya. Basi nyanya alikuwa amerudi, na mlango alioingilia, pua ile, ulionekana na kila mtu.

Mwaka wa 1996 bonasi ya chai ilikuja nzuri. Chepkurui akaenda Nakuru kwa daktari wa pua, Atuti, ili inyooshwe.

"Usidhani utaamka umekuwa mtu mwingine," daktari alimwambia. "Utaamka macho yamefura, pua imezibwa na pamba, unapumua na mdomo. Itashikwa na ganzi. Uvimbe utaisha polepole, hata mwaka. Na chafya ikikuja, fungua mdomo, usiibane."

"Na nisipoipenda?"

"Hiyo pia hutokea. Ndiyo maana nakurudisha nyumbani ufikirie kwanza."

Akafikiria. Akichuma kwenye ukungu, alimwona nyanya akitembea mbele yake kati ya mistari ya chai, mgongo tu, bila kugeuka. Kisu hakukiogopa. Aliogopa kwamba mlango ukivunjwa Tapsubei ataenda zake, naye abaki nyumba isiyo na mwenyewe.

Alipomweleza mama, mama alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Nimeishi na mama mkwe wangu miaka yote hiyo, na siku nilizotaka atoke hakutoka. Mlango hutengenezwa mgeni akiwa ndani. Enda."

Akaenda. Mambo yakawa kama daktari alivyosema: macho yaliyofura, mdomo mkavu, siku za usingizi mzito ambamo chai ilichanua ndani ya wodi. Uvimbe ukashuka, pua ikanyooka. Ilikuwa nzuri, tusifiche. Lakini aliporudi nyumbani mama alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta kitu alichokuwa amekizoea.

Walingoja hadi daktari aliporuhusu chafya. Asubuhi moja mama akaleta ugoro, akamgusisha puani kama siku aliyozaliwa.

"Tabelga," aliita.

Kimya.

"Tapnyole."

Kimya. Pua bado ilikuwa na ganzi. Chepkurui alifumba macho, akaomba kama mtoto.

"Tapsubei."

Chafya ilimtoka kwa nguvu, mdomo wazi kama alivyofundishwa, kuku wakatawanyika uani. Anayetaka kusema ni ugoro uliochelewa, na aseme.

"Si nilikuambia?" mama alisema, akijifuta machozi kwa leso. "Yule hatoki."