Kaburi la Nyangeta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila ninapopita njia ya Butiama, na kila nikiikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu. Kaa nikueleze. Nimeshazeeka, sina sababu tena ya kujipamba.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Sukari ilikuwa kwa foleni, sabuni hakuna kabisa, nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba, na nilikuwa nimesikia kwamba boti inaingia bandarini Mwigobero na sabuni na khanga za magendo kutoka Kenya. Nilitaka kwenda. Baba akasema hapana, leo tunapanda kilimani.

Kila mwaka, mavuno yakiisha, baba alitupeleka huko, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Yalikuwa matembezi mepesi, mwendo wa saa moja tu kutoka kijijini, hata mdogo wetu wa mwisho alifika kwa miguu yake. Kilima hicho, kando ya njia ya Butiama, kilijaa mawe meusi, mazito, ambayo mwalimu alitufundisha kwamba yalitoka tumboni mwa ardhi yakiwa moto, zamani kabla ya watu. Tulibeba uji kwenye kibuyu na viazi vya kuchemsha, na wadogo zangu walikimbiza mijusi. Ungetuona ungesema hawa wanastarehe.

Hatukwenda kustarehe. Kule juu ndiko wazazi wangu walikokaa kabla ya Operesheni Vijiji ya serikali kutuhamisha, na ndiko alikozikwa Nyangeta, dada yangu aliyenitangulia. Surua ilimchukua akiwa na miaka mitatu, mimi sijazaliwa. Kaburi lake halikuwa na msalaba. Lilikuwa rundo la mawe meusi, na kilima kizima kilikuwa na marundo kama hayo, kwa sababu watu wa zamani walikusanya mawe ili wapate pa kulima. Mama alikuwa akipanda ameinamisha kichwa, khanga mdomoni; njia alimwachia baba. Na baba kila mwaka alinionyesha mimi, mtoto mkubwa: anzia mwamba uliopasuka, shuka upande wa Bunda, hesabu marundo. Tukifika, kila mmoja aliongeza jiwe, tukanywa uji, tukarudi.

Siku ile nilikuwa nimegeuza shingo natazama ziwa, natafuta boti. Baba alipomaliza kueleza akaniuliza, "Nimesemaje?"

Sikuwa nimesikia hata neno. Hakunipiga, baba hakuwa mtu wa fimbo. Alisema tu, "Wewe unatembeaga kama mzigo. Mzigo unafikaga, lakini haujui njia."

Nikajiambia nitamwuliza mwakani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini kijana na methali ni kama bata na mvua, haimloweshi. Baba alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata. Matembezi yakafa pamoja naye.

Baadaye biashara zikafunguliwa. Nikauza mitumba mjini, mtaa wa Mukendo, nikajenga nyumba Nyakato, nikamchukua mama akae nami. Macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, haoni mtu wala mlango. Asubuhi moja akaniambia, "Nipeleke kwa Nyangeta kabla sijafa. Miguu bado ninayo. Baba yako alikuonyeshaga."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Neno moja tu. Nikasema, "Haya mama, twende."

Nilimshika mkono tukapanda taratibu. Nusu ya kilima haikuwapo. Mji ulikuwa unajengwa, na watu walikuwa wamepasua mawe kuwa kokoto. Ule mwamba wa kuanzia ulikuwa umekwenda na malori. Wazee waliokijua kilima walikuwa wamekufa. Nilimzungusha mama juani, jasho linanitoka, mpaka akauliza, "Bado?" Nikasimama penye rundo la kwanza lililokuwa mbele yangu.

"Ni hapa, mama."

Akapiga magoti. Akayapapasa mawe moja moja, akaenda mpaka mwisho wa rundo, akarudi. Kisha mkono ukatulia. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba yako alimwekeaga jiwe bapa kichwani. Kama la kusagia."

Rundo lile lilikuwa na mawe ya mviringo matupu. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu iliishia kwenye vidole vya mama yangu kipofu.

Alijua, nami nilijua kwamba amejua. Nilisubiri anitukane. Hakunitukana. Aliokota jiwe akaliweka juu ya lile rundo lisilo na mtu, akalia kidogo, akajifuta, akasema, "Haya. Turudi." Hakulitaja tena jambo hilo mpaka tulipomzika. Najuta mpaka leo, na majuto ya namna hii hayana wa kuyapelekea.

Sasa sikia ninachokuusia. Mkubwa wako akikuonyesha kitu, hata kama umekiona mara kumi, tazama kama unakiona mara ya kwanza. Uliza leo, kwa maana kuuliza si ujinga, na wa kukujibu hakai milele. Na ukiwa hujui, sema sijui, hata kama anayekuuliza ni mama yako na jibu litamwumiza. Mama yangu angelia akisikia sijui, lakini tungelia wote wawili. Kwa uongo wangu alilia peke yake, nami nimesimama pembeni yake.

Mungu akulinde, mwanangu, akuzidishie miaka. Na siku macho yako yatakapozibwa, akujalie mkono wa mtu atakayekuambia kweli.